Mwaka wa Sindano na Asali

Bi Thureya aliusia aoshwe na mimi. Wasia huo aliutoa mara nyingi, mbele ya watu, kwa ile sauti yake ya kuagiza samaki, mpaka watu wa nyumbani wakawa wanamcheka kwamba ananipa mimi, Mize, kazi kabla ya siku yake. Yeye hujibu, "Nataka nkono niujuao." Mwezi uliopita siku yenyewe ilifika. Mimi nami nimeshakuwa kikongwe wa kushika ukuta nikiinuka, lakini niliingia chumbani, nikajifunga kibwebwe, nikamwosha. Alikuwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, na tuliishi nyumba moja Jadida, hapa Wete, Pemba, miaka mingi kuliko niliyoishi na mama yangu mzazi, tena kuliko niliyoishi na huyo mwanawe aliyenioa, Mungu amrehemu. Katikati ya kazi mkono wangu ulisimama mahali. Aliyekuwa akinimiminia maji aliniangalia, kisha akaninong'oneza, "Endelea." Nikaendelea. Lakini tangu siku ile akili yangu imekwama katika mwaka mmoja tu, ule mwaka baada ya vita vikuu vya pili, nilipokuwa na mimba ya tatu na mapaja yangu yamejaa mavilio meusi ya damu kama mtu aliyepigwa.

Nilivyoolewa na nilikotoka ni hadithi ndefu isiyo na faida hapa. Inatosha kusema mimi ni mtu wa Kengeja, wa muhogo na ndizi, nikaletwa Jadida katika nyumba ya Waarabu wenye mashamba ya karafuu. Kabla ya mwaka ule nilikuwa nimeshazaa mara mbili. Wote wawili walikuwa wavulana, wakubwa, wamenona kama watoto waliokwisha toka arubaini, nywele tele kichwani, na wote wawili walitoka kimya. Wa kwanza watu walisema ni kudra. Wa pili walisema ni jini. Nililala ubavu, maziwa yakinichuruzika na hakuna wa kuyanyonya, na uchungu ule sijaupata mwenziwe, hata leo nikiuandika kifua kinaniuma. Mimba ya tatu ilipoonekana, mume wangu Nassor, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alinipeleka hospitali bila kumwomba mama yake ruhusa, na hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa katika nyumba ile. Daktari alichemsha mkojo wangu pamoja na dawa ya buluu katika kichupa cha kioo. Buluu ikageuka kijani, kijani ikageuka manjano, ikaishia rangi ya tofali. Akasema nina sukari, na kwamba sukari hiyo ndiyo iliyowanenepesha wanangu na ndiyo iliyowaua, na huyu wa tatu akiachwa hivihivi atawafuata nduguze. Dawa ipo, akasema, lakini ni ya sindano, asubuhi na alasiri, kila siku mpaka nizae.

Vita vilikuwa vimekwisha ila mgawo wa chakula ulikuwa haujesha. Sukari ilipatikana kwa foleni na kwa kujuana, na wengine tulikuwa tumeshazoea kunywa chai kwa tende. Bi Thureya aliposikia maradhi yangu alishika kiuno akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Pemba nzima yatafuta sukari haiipati," akasema, "na huyu kaificha mwilini!" Alikuwa mwanamke mrefu, mweupe, mwenye vidole virefu vya hina, na ulimi wa kukata kamba. Lakini alipomaliza kucheka alikwenda ukumbini akachukua mtungi wake mwenyewe wa maji ya kunywa, ule anaoufukiza ubani na ambao haruhusiwi mtu mwingine kuugusa, akauweka kwenye pembe ya chumba changu yenye baridi. Kichupa cha dawa kikafungwa kitambaa kikaninginizwa humo ndani, juu ya maji, kisiharibiwe na joto. Yeye alikunywa maji ya mtungi wa jikoni miezi yote ile, na kila akinywa alikunja uso.

Sindano zenyewe hazikuwa hizi nyembamba za leo za kutumia na kutupa. Ilikuwa bomba la kioo na sindano moja nene ya chuma, vinachemshwa katika sufuria ndogo kila mara, na sindano ikishakuwa butu inanolewa. Nassor alikuwa akiinoa baada ya sala ya alfajiri, kwenye jiwe lake la kunolea wembe, taratibu, kisha anaijaribu kwenye ukucha, na akirudi kuniletea hanitazami usoni. Aliyenifundisha kujidunga ni nesi Rehema, mtoto wa Unguja, mfupi, mchangamfu, aliyekuwa akifungua mdomo tu watu wa Wete wanajua hakuzaliwa kuno. Siku za mwanzo nilidunga kama anayejitoboa gunia. Damu ilitoka, uzi mwembamba ukishuka gotini, na chini ya ngozi ikajikusanya nyingine ikafanya vilio, kwanza jekundu, kisha la zambarau, kisha jeusi, na pembeni manjano kama embe linaloanza kuoza. La leo halijapoa, la kesho limeshaota jirani yake. Kanga zangu zote zilikuwa na madoa. Sala nayo ikawa na mambo yake, maana kwetu Kengeja sisi ni Mashafii na damu ya jeraha haivunji udhu, na wao pale nyumbani ni Maibadhi na damu ikichuruzika udhu umekwenda. Bi Thureya aliniamuru nidunge kwanza ndiyo nitawadhe. Nikawa nina madhehebu mawili katika paja moja.

Nilikuwa nikiwaficha watu mapaja hayo, hata Nassor. Siku moja Rehema alikuja kunitazama nami nikawa naivutavuta kanga, akaniambia, "Bi Mize, mficha uchi hazai." Nikafunua, na uso wake ukabadilika. Aliniuliza nadunga vipi, nikamwonyesha, akaona mkono wangu hauna kosa. Akaniambia nihame kila siku, nisirudie mahali pa jana, kama anayepanda muhogo harudii shimo lile lile. Nikahama. Mavilio yakahama na mimi, makubwa vilevile. Rehema alirudi hospitali akitikisa kichwa, na mimi nikabaki nadhani labda ngozi yangu tu ndiyo dhaifu.

Kitu ambacho Rehema hakukijua, na mimi sikudhani ni kitu cha kusemwa hospitali, ni kukandwa. Kila alasiri, nikishajidunga, na wali wa jioni bado unatokota, Bi Thureya alikuja chumbani kwangu na bakuli la mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Aliliweka juu ya makaa yasipoe. Chumba kile nakikumbuka mpaka harufu yake: samadari ndefu, kitanda cha kupandia kwa kistuli, chandarua kimefungwa fundo, dirisha moja la vyuma linalotazama uani kunakoanikwa karafuu, na jamvi ambalo mimi nalala juu yake ubavu. Anakunja mikono ya kanzu, anachovya kiganja, anaanza. Alikuwa na nguvu. Anasugua vilio lenyewe, kwa duara, kwa kidole gumba, mpaka nauma kanga. "Damu hino imelala," ananiambia. "Damu iliyolala haifai, yataka kuamshwa itembee." Huku akisugua anazungumza, na mimi nilipenda mazungumzo yale kuliko chochote: nani kaposa na kakataliwa, bei ya karafuu ilivyo, jahazi gani limefika bandari ya Wesha na nguo gani, na jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akiogopa paka. Nilikuwa nikiumia, nami nilikuwa nikingoja alasiri ifike. Tangu nizike wanangu wawili hakuna aliyenigusa mwili wangu kama kitu cha thamani isipokuwa yeye.

Basi ndipo jini akaanza kuja. Alikuja mara ya kwanza alasiri ya kukandwa sana, bakuli limemalizika na mapaja yangu yanawaka moto. Bi Thureya alikwisha ondoka kwenda kutawadha. Nilihisi mikono inatetemeka, jasho likanitoka la baridi, jamvi likarowa, na maneno niliyotaka kuyasema yakawa hayaji, yanakuja mengine. Yaliyofuata niliambiwa baadaye. Niliambiwa nilimtukana mpishi, nikamwita Nassor kwa jina la mjomba wangu, nikacheka, kisha nikaanza kulia. Jirani yetu Bi Mwanakhamis, mwenye ujuzi wa majini na asiyehitaji kuitwa mara mbili, aliingia na chetezo cha ubani. Akanikamata kidevu. "U nani we? U mume au nke? Wataka nini, sema tukupe uende zako!" Wanasema nikamjibu kwa sauti nzito isiyo yangu, "Tamu. Nataka tamu." Bi Mwanakhamis akageuka kwa fahari akawaambia, "Jini la Kiarabu hili. Lataka asali." Ikaletwa asali ya Bi Thureya, ile anayoiweka kwa ajili ya kikohozi chake, ikachanganywa na maji ya marashi katika kikombe cha kaure, nikainywa yote. Muda mfupi tu, jini akashuka. Nikakaa kitako nikauliza kwa nini chumba kimejaa watu. Bi Mwanakhamis alitoka akitembea kama harusi ni yake.

Kuanzia hapo jini aliheshimiwa. Kila alasiri liliwekwa sinia kichwani pangu, limefunikwa kawa: asali, tende, kipande cha halua iliyopatikana kwa shida na udugu, na maji ya marashi. Yeye naye hakuwa mvivu, alikuja mara nyingi, na kila akija hupewa chake, hushuka. Watu waliona mambo yamekaa sawa. Ila mkojo wangu hospitali ukawa haueleweki, leo buluu, kesho tofali, na mimi mwenyewe nikawa nimechoka, na mara moja jini alinikuta chooni peke yangu nikaanguka nikapiga nyonga. Mtoto hakucheza siku ile mpaka jioni. Nilikaa na mkono tumboni nikimngoja, na hofu niliyoipata nilijua naifahamu, ndiyo ile ile ya mara mbili zilizopita.

Rehema alikuja kutazama nyonga yangu, akaliona sinia. Akafunua kawa. "Hii ya nani?"

"Ya jini," nikamwambia.

Nilidhani atacheka, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kucheka. Hakucheka. Aliketi kwenye jamvi, akavua viatu, akaniuliza kwa adabu kama anayeuliza habari za mgeni wa nyumba: huyu jini huja saa ngapi? Hujaje? Huja kwa jasho? Huja kwa njaa? Na kabla hajaja, mimi huwa nafanya nini? Nikamwambia huwa nimetoka kukandwa. Akaniomba nimweleze kukandwa huko, nikamweleza mafuta, makaa, karafuu, kidole gumba. Alifunga macho. "Bi Mize," akasema, "ile dawa hulala chini ya ngozi, ikatembea pole pole mpaka ukala chakula chako. Ukiisugua kwa moto inakwenda mbio yote kwa pamoja, inakula sukari yako yote kabla hujala. Hiyo asali ndiyo iliyokuokoa, ungekufa, wewe na mwanao. Na hayo mavilio, damu inataka kuganda pale palipotobolewa, mkono unaipasua tena kila siku." Nikamwuliza kwa nini basi asimwambie Bi Thureya mwenyewe. Akavaa viatu. "Mimi mgeni wa Unguja, niingie nyumba ya watu nimfundishe mwenyewe mkono wake? Mwambie wewe. Wewe mwanawe."

Nilitaka kumwambia jioni ile ile. Lakini ukuta wa chumba changu haukufika juu, na maneno ya ukumbini yalikuwa yakiruka kama kuku, na kabla sijainuka nilimsikia Bi Thureya akizungumza na Nassor. "Wajukuu wawili nimewafunga sanda kwa nkono wangu," alikuwa akisema, bila kupaza sauti, na kwa mwanamke yule sauti ya chini ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Huyu nke wako atobolewa kila siku kama chungio. Damu yake yote yaishia mapajani. Ntoto atakula nini huko tumboni? Jini naye kaja kwa sababu ya damu, majini wapenda damu. Sindano basi, Nassor. Mwisho wa wiki hino, basi." Nassor akasema polepole kwamba daktari amesema bila sindano mtoto hatapona. "Daktari," mama yake akajibu, "hakuwafunga sanda." Nikajua kwamba mama akisema basi katika nyumba ile, ni basi. Nikajua pia kwamba sindano zikiachwa mwanangu atakufa, na kukandwa kukiendelea huenda nikafa mimi naye tumboni, na kwamba mtu wa kuyasema haya yote mawili kwa mama yule ni mimi, mtoto wa Kengeja, ambaye hata sahani ya wali nilikuwa sijawahi kumrudishia.

Alasiri iliyofuata alikuja na bakuli kama kawaida. Alianza na habari ya posa iliyovunjika huko Mtambwe. Alipochovya kiganja nikamshika kifundo cha mkono. Nilikuwa sijawahi kumshika. "Mama," nikasema, "jini aja kwa nkono wako. Sindano haimwiti. Moto ndo wamwita." Nikamweleza yote aliyonieleza Rehema, vibaya, bila mpangilio, nikilia, nikimwambia pia kwamba akizikatisha sindano tutamzika wa tatu. Mafuta yalikuwa yakichuruzika vidoleni mwake yanaingia kwenye mkono wa kanzu, na hakuyafuta. Kisha akasema, "Ulipomzika wa kwanza ulilala hapo hapo, wapiga kelele. Mie sikuwa na maneno. Mie na ulimi wangu huu, sikuwa na neno moja. Nilikuwa na nkono tu." Akainuka, akachukua bakuli, akatoka. Nilimsikia uani akiyamwaga mafuta kwenye mchanga.

Hakurudi chumbani kwangu. Chakula changu kililetwa, samaki wa kupaka, mboga, kipande kidogo cha muhogo kama daktari alivyotaka, kila kitu kwa kipimo, lakini kiliwekwa mlangoni. Anagonga mara moja kwa pete yake, nikifungua ameshapita. Jini naye hakuja tena. Sinia lilikaa na kawa yake, tende zikakauka. Ningekuwa na akili ningefurahi, lakini nilikuwa mpweke, nilikuwa nikilia juu ya sahani. Mavilio ya zamani yalianza kufifia, mapya bado yalikuja, madogo kidogo, kwa kuwa nilikuwa na tabia ya kupapasa mahali palipouma. Mwisho wa wiki ulikuwa unakaribia. Hakuna aliyeniambia kama sindano zitaendelea au zitasimama, nami sikuthubutu kuuliza.

Sasa, mtu asiyejua nyumba zile hataelewa kilichotokea asubuhi ya Alkhamisi. Wanawake kama Bi Thureya hawakutoka mchana. Walitoka baada ya magharibi, kwa buibui, na mwenzi, kwenda harusini au msibani au kwa ndugu, na kuna waliozeeka hawajawahi kuona duka likiwa wazi. Basi Bi Mwanakhamis aliingia uani asubuhi ile anahema, kashika kifua. "Mize! Mavyaa wako kapita njia kuu! Mchana kweupe! Peke yake!" Nikamwuliza kaelekea wapi. "Hospitali! Watu wamesimama madukani kumtazama!" Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Nilijua amekwenda kuwaambia wasinipe dawa tena. Nilijua, na nilimchukia, na niliona haya kumchukia, na nilikuwa namwomba Mungu tu ampe mwanangu siku moja ya kulia. Bi Thureya alirudi baada ya adhuhuri, pindo la buibui jekundu kwa vumbi. Alinipita bila salamu akajifungia chumbani kwake.

Asubuhi ya pili yake nilijidunga kwa pupa, nikapiga mshipa. Damu ikatoka nyingi kuliko siku zote, ikafika kwenye jamvi, nami nikaanza kuita, simwiti mtu, naita tu. Mlango ukafunguka. Bi Thureya alipiga magoti mbele yangu, akachukua pamba, akaiweka, na juu ya pamba akaweka kiganja chake. Kikavu. Hakuna mafuta, hakuna moto. Nikangoja kile kidole gumba kianze. Hakikuanza. Alibonyeza tu, ametulia, midomo inatembea, na nikasikia anasoma sura ya Kulhuwallahu, mara tatu, kwa kituo. Kisha akainua kiganja akatazama. Damu ilikuwa imesimama. "Hamna," akasema.

Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumhadithia mtu alipokuwa hai. Yule mwanamke ambaye hata kifundo cha mguu hakionekani akavuta kanzu yake juu, akanionyesha paja. Palikuwa na alama mbili. Moja vilio jeusi, pana kama rupia. Ya pili nukta tu, kama ya mbu. "Nimemwambia yule wa Unguja anidunge na mie," akasema. "Maji tu, si dawa. Mara mbili. Huku nimesugua kama nikusuguavyo wewe. Huku nimebonyeza. Sikuyaamini maneno yake wala yako, Mize. Nimeliamini paja langu." Akashusha kanzu, akaifuta damu yangu gotini kwa ncha ya ushungi wake. "Kumbe ni mie," akasema, na mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile nikamwona akilia. Nilimkumbatia. Tulikaa hivyo juu ya jamvi lenye damu mpaka Nassor akachungulia mlangoni, akaona, akarudi alikotoka.

Kuanzia siku ile sindano zangu zilikuwa na mwenyewe. Asubuhi na alasiri, nikishachomoa tu, kiganja kinakuja, pamba chini yake, Kulhuwallahu tatu, kisha anainua anakagua kama anayetazama maandazi, "Hamna." Likitokea vilio, maana yalitokea mara mojamoja, analiwekea kitambaa kilichochovywa maji ya ule mtungi wake na kukaripia, "Tena usiliguse." Waswahili wanasema mkono mtupu haulambwi. Ule ulikuwa mtupu, na ningeulamba. Habari za mjini zilirudi, za posa na za bei ya karafuu, ila sasa alizisimulia mikono yake imekaa pajani kwake, imekosa kazi. Akaanza kushona kofia kwa sababu hiyo, akashona nyingi mno, mpaka wanaume wa ukoo wote wakawa na kofia mpya.

Uchungu ulinishika kabla ya siku zake, nikapelekwa hospitali kwa gari la mizigo la karafuu, Bi Thureya pembeni yangu, mchana kweupe tena, na safari hii hakujali nani kasimama dukani. Mtoto alikuwa wa kike. Hakuwa mkubwa. Rehema alipomwinua, mavyaa wangu aliyezoea kuona wajukuu wanene na kimya aliruka, "Mbona kadogo hivi?" Na yule mtoto, kama aliyesikia akaudhika, akafungua mdomo akalia. Alilia kwa hasira. Alilia mpaka wodi nzima ikageuka. Nimesikia adhana nzuri na nimesikia kasida, na sijasikia sauti inayofanana na ile. Bi Thureya alifungua fundo la ushungi wake, akatoa tende moja kavu, akaitafuna, akampaka mtoto kaakaani. Nikamwuliza kaitoa wapi. "Ya kwenye sinia," akasema. "Si alitaka tamu? Haya, mpeni." Bi Mwanakhamis mpaka anakufa alikuwa akiwaambia watu kwamba mtoto yule aliokolewa na jini la Kiarabu, na sisi hatukumpinga, kwa kuwa kwa asali yake alikuwa na haki.

Sukari ilinirudia uzeeni, na sindano za siku hizi hata hazijulikani kama zimeingia. Siku za mwanzo Bi Thureya, haoni tena, alikuwa akipapasa ukuta kuja kuniwekea kiganja.

Katika kumwosha maiti kuna mahali unapoweka mkono tumboni ukabonyeza kidogo, taratibu, usimuumize, maana maiti naye huonewa huruma. Hapo ndipo mkono wangu uliposimama. Niliona nimeuweka mkavu, umetulia, na midomo yangu inasoma bila kuagizwa, na sikuweza kuuondoa mpaka nimalize zote tatu. "Endelea, mama," aliyekuwa akinimiminia maji aliniambia. Alikuwa Raya, mwanangu wa mwaka ule, ana wajukuu wake sasa, na machozi yake yalikuwa yakiingia kwenye kata ya maji. Nikainua kiganja, nikatazama.

"Hamna," nikasema.